Gari Lililomkataa Mama Mkwe

Sisi mafundi wa Eldoret tuna neno letu, "kumisi". Injini ya silinda nne ikipoteza mlipuko mmoja, ikajikwaa, ikatetemeka, halafu ikaendelea na safari kama vile hakuna kilichotokea, tunasema imemisi. Mteja akiniletea gari linalomisi kutwa nzima, mimi hufurahi, maana ugonjwa unaoonekana haunisumbui. Ninayemwogopa ni yule anayesema, "Fundi, inamisi, lakini si kila wakati." Huyo huniharibia wiki. Unawasha gari lake, linanguruma vizuri kabisa. Unalizungusha mjini mara tatu, kimya. Unamrudishia, na kabla hujamaliza kunawa mikono anakupigia simu.

Hasira zangu ni za karibu, sitaficha. Nimewahi kurusha spana ikatua juu ya paa la jirani kwa sababu ya gari la namna hiyo, na jirani alinirudishia baada ya wiki mbili akiwa ameifunga kwa gazeti kama nyama. Lakini katika magari yote niliyoyafungua, hakuna lililonitesa kama la mama mkwe wangu.

Lilikuwa gari la marehemu baba mkwe, stesheni wagoni nyeupe ya miaka ya tisini, yenye buti refu. Mzee alitoka kwetu magharibi akiwa kijana, akapata kazi ya ukarani kwenye kiwanda cha mbao, akanunua kipande cha shamba nje kidogo ya Burnt Forest, na hakuhama tena, ukiondoa ile miezi mibaya ya ghasia za uchaguzi ambayo kila mtu wa huko anaijua na hapendi kuulizwa. Gari lile aliliendesha kwa mwendo wa arobaini, awe na haraka asiwe nayo. Watoto wa shule walikuwa wakimpita kwa baiskeli, nasi tulimcheka sana. Alipofariki, gari likabaki la mama, na usukani ukachukuliwa na shemeji yangu, kitinda mimba wao, anayefanya kazi hapa mjini.

Mwaka juzi figo za mama zikachoka. Daktari akasema kila Jumanne na Ijumaa aletwe hospitali kubwa ya hapa Eldoret, aunganishwe na mashine, damu isafishwe. Akikosa siku moja, miguu inafura. Akikosa mbili, maji yanapanda kifuani na hapo kupumua ni kazi. Daktari alimwambia mke wangu waziwazi kwamba hii si kliniki ya kuruka ukipenda. Teksi ya kwenda na kurudi mara mbili kila wiki hatungeiweza, na mtu anayetoka kwenye mashine akitapika huwezi kumbana kwenye matatu katikati ya abiria. Kwa hiyo lile gari bovu la Mzee ndilo lililokuwa linambeba mama kati ya uhai na kifo, na ndilo lililoamua kuanza kumisi.

Hapa lazima nieleze jambo, maana mtu asiye wa kwetu atajiuliza shida ilikuwa wapi. Kwetu mwanamume hamsogelei mama wa mke wake. Humpi mkono. Huketi naye kochi moja, huli naye mezani, hulali kwenye nyumba anayolala. Mkikutana njiani mmoja anapisha, na macho yanaangalia chini. Si chuki, ni heshima. Vijana wa siku hizi wamelegeza, lakini mama mkwe wangu hakuwa amelegeza, na mimi sikuwa wa kuanza. Katika miaka ishirini na miwili ya ndoa hatukuwa tumeambiana neno hata moja bila mtu katikati. Mimi niko sebuleni, yeye yuko jikoni, mke wangu amesimama mlangoni. "Mwambie Mama kuku ameiva vizuri." "Mwambie mkwe wangu ale, aache kuangalia ukuta." Tunasikiana vizuri kabisa, lakini neno lazima lipite kwa mke wangu kwanza. Kwa sababu ya kuangalia chini, uso wake sikuujua sana. Viatu vyake ndivyo nilivyovijua: vyeusi, vya mpira, cha kushoto kimeliwa nchani.

Sasa kuingia gari moja naye, hilo hata kulifikiria ilikuwa aibu.

Mara ya kwanza shemeji alipolileta gari gerejini nilicheka. Nikatoa plagi, mbili zilikuwa zimechakaa, nikaweka mpya zote nne. Jumanne likamisi. Nikabadilisha waya za plagi. Ijumaa likamisi. Nikabadilisha koili, nikasafisha njia ya petroli, nikakagua pampu, nikanyunyizia waya maji nione kama kuna cheche inayotoroka, nikachomoa waya moja moja injini ikinguruma ili nijue ni silinda gani mvivu. Zote zilikuwa zinafanya kazi. Lile gari lilinitazama hivi hivi kama mtoto aliyekula sukari na kufuta mdomo.

Nikaanza kuliendesha mwenyewe. Nililipeleka Kaptagat alfajiri, umande wote, mlima wote, nikiwapita wanariadha waliokuwa wakikimbia pembeni kwa mstari mmoja. Halikumisi. Nikamweka shemeji kwenye usukani, mimi nikakaa kiti cha abiria nimetega sikio, tukaenda hadi Burnt Forest kwenyewe na kurudi. Halikumisi. Mke wangu akakaa hapo hapo Jumapili moja, akaniuliza kwa nini sizungumzi naye. Halikumisi.

"Shemeji, iko sawa hii gari," nikasema.

"Ukiwa nayo wewe iko sawa," akanijibu. "Mama akiingia tu, inaanza. Na yeye anashtuka vibaya, mpaka ananishtua na mimi. Akishuka, inaacha. Sasa wewe kama fundi niambie hiyo ni nini."

Kama fundi. Alivyolisema hilo neno, nilitamani kumrushia ufunguo. Nikauweka chini kwa sababu ni shemeji.

Nikafikiri labda ni uzito. Kiti kikikaliwa, labda kinabana waya fulani chini. Nikachukua gunia la viazi, nikapunguza mpaka likawa kama kilo sitini, nikaliketisha kiti cha mbele na kulifunga mkanda. Nikazunguka nalo siku mbili. Wacha watu wanicheke! Jirani zangu wa gereji walikuwa wakiinua mikono kwa heshima nikipita. "Mama mkwe hajambo leo?" "Fundi, mbona humwangalii, ama ni ile heshima ya kwenu?" Mmoja akaja akainamia dirisha, akaliambia gunia, "Shikamoo, Mama," na wote wakaanguka kwa kicheko. Sikucheka. Gari halikumisi hata mara moja. Viazi tulivila.

Kule Burnt Forest maneno yakaanza kubadilika. Watu wakasema gari linamkataa mjane. Wengine wakasema ni Mzee, bado yumo, hajakubali kuendeshewa gari lake. Akina mama wa kanisa wakaja na mhubiri, wakaweka mikono juu ya boneti, wakaimba wimbo mzima na kukemea. Nilipoambiwa nilifura. Nikamwambia mke wangu gari halina mapepo, lina waya, na hao watu waende wakamwombee anayelitengeneza. Nilisema kwa sauti kubwa kuliko nilivyotaka. Ukweli ni kwamba nilikuwa naona aibu. Miaka yote hiyo nilijisifu mjini kwamba hakuna injini inayonishinda, na sasa mama wa mke wangu alikuwa anakaa hospitalini akijiuliza kama atafika nyumbani, na mimi ndiye fundi.

Halafu ikaja Jumanne ya trela. Shemeji alikuwa anapita lori kwenye mlima, mbele kuna trela linateremka, na gari likamisi hapo hapo, likakosa nguvu, likabaki katikati ya barabara kwa muda ambao shemeji alisema ni kama mwaka. Trela likapiga honi, likakwepa, vumbi likaingia ndani. Walifika hospitali salama. Jioni mama aliporudi kwake alimpigia simu mke wangu na kumwambia hapandi tena. Si hilo gari, si lingine lolote. Ati afadhali afie kwenye kitanda chake kuliko chini ya trela.

Mke wangu aliketi kwenye ukingo wa bafu akalia. Ijumaa ilikuwa siku tatu mbele.

"Lazima niwe ndani ya gari na yeye akiwemo," nikasema.

Aliniangalia kama nimetukana. "Uingie gari moja na mama? Wewe?"

"Nifanye nini? Ugonjwa unakuja na yeye na kuondoka na yeye. Mimi nalipima akiwa hayupo. Ni kama daktari anayepima koti la mgonjwa."

Alimpigia mama yake, akaweka simu kwenye sauti kubwa. Akaeleza. Kule upande wa pili nikasikia ng'ombe akilia. Mwisho mama akauliza, "Gari hilo, mizigo huwekwa wapi?"

"Nyuma, kwenye buti."

"Basi mwambie aje kama mzigo. Mzigo si mkwe wa mtu."

Nilicheka mpaka nikaogopa kwamba amenisikia. Kusema kweli ndiyo siku niliyoanza kumpenda yule mama, si kumheshimu tu.

Ijumaa alfajiri nilikuwa kwake Burnt Forest. Ukungu ulikuwa umelala juu ya mahindi, na baridi ile ya kule inayoingia kwenye meno. Nilisubiri nyuma ya ghala mpaka niliposikia mlango wa mbele wa gari ukifungwa. Ndipo nikaja kwa nyuma, nikainua mlango wa buti, nikajipanga kati ya kabichi sita na mtungi wa maziwa, nikajifunika blanketi. Mwanamume wa miaka hamsini na mmoja, mwenye gereji. Shemeji alifunga buti huku akikaza midomo asicheke.

Tukaanza safari.  Kutoka pale nilipolala sikuona chochote ila kitambaa cha viti, lakini kusikia nilisikia kila kitu: magurudumu, mngurumo wa ekzosi, maziwa yakicheza mtungini. Injini ilikuwa inaimba. Nikaanza kuwaza kwamba hata leo halitamisi, na nitakuwa nimelala kwenye kabichi bure.

Shemeji akaanza kupita lori. Nilihisi gari likivuta. Nikasikia mtu akivuta pumzi kwa ghafla, na mama akasema polepole, "Yesu." Halafu gari likajikwaa. Hilo hapo! Likatetemeka, likashika tena, likaendelea.

"Umesikia, Fundi?" shemeji akapaza sauti.

Mzigo hauzungumzi. Lakini kuna kitu kilikuwa kimenikwaruza na sikukijua. Tukaenda. Kona, matatu mbele, shemeji akafunga breki kwa kuchelewa kidogo. Pumzi. "Yesu." Misi. Nikafungua macho chini ya blanketi. Tukaenda tena, lori jingine, na safari hii nilikuwa nimetega sikio kama paka. Pumzi, "Yesu", halafu misi.

Jameni. Miezi yote hiyo tuliambiana kwamba mama anashtuka kwa sababu gari linamisi. Shemeji aliniambia hivyo, mke wangu aliniambia hivyo, na mimi nilikubali bila kufikiri kwa sababu ndivyo mtu yeyote angeona akiwa mbele. Nyuma kule, gizani, bila uso wa kuangalia, nilisikia mpangilio wenyewe. Yesu alikuwa anatangulia. Misi ilikuwa inafuata.

"Simamisha!" nikapiga kelele.

Mama mkwe akaruka. "Woi! Mzigo!"

Shemeji akaegesha pembeni, akashuka kunifungulia. Nilimwambia amwombe mama ashuke, injini iendelee kunguruma. Nikasubiri mpaka akashuka, akavuka mtaro, akasimama ukingoni mwa shamba la mahindi la mtu akiwa ametupa mgongo, leso amejifunika mabegani juu ya sweta. Ndipo nikaenda upande wake, nikapiga magoti pale miguu yake ilipokuwa. Kiti kilikuwa bado na joto lake. Niliona haya, nitasema tu. Nilijisikia kama nimeingia chumbani kwake.

Chini ya dashibodi, upande wa kushoto kabisa, kuna plastiki inayofunika ukuta wa gari. Nyuma ya plastiki hiyo, kwenye magari ya aina ile, ndipo wanapoficha kisanduku cha kompyuta ya injini, na soketi kubwa ya nyaya zinazopeleka amri kwenye koili. Plastiki ilikuwa imepasuka. Ilikuwa imeingia ndani, na katikati kulikuwa na alama nyeusi ya mpira, iliyosuguliwa na kusuguliwa, upana wa ncha ya kiatu. Nikaisukuma kwa kidole gumba. Injini ikajikwaa. Nikaachia, ikanyooka. Nikasukuma, ikajikwaa.

Gunia nililizungusha mjini siku mbili likiwa na uzito wake wote. Sikukumbuka kwamba gunia halina miguu.

"Ni nini?" shemeji akauliza juu ya kichwa changu.

Nilijua ni nini, na nikajua ni kwa nini, na hasira ikanipanda mpaka masikioni. Nilitaka kumwambia, unaendesha kama unafukuzwa na nyuki, mama yako anakanyaga ukuta wa gari kwa kukuogopa. Nikatazama ule mgongo pale kwenye mahindi. Nikaona kwamba kama alikuwa ameamua kulificha, si mimi wa kulitoa. Nikasema, "Soketi imelegea. Mwambie Mama tu, asikanyage hapa."

Mama alisikia, alikuwa hatua kumi. Alijibu bila kugeuka. "Mwambie mkwe wangu huo mguu hauniulizi. Unakanyaga wenyewe."

"Unakanyaga nini, Mama?" shemeji akauliza.

"Breki."

"Breki gani? Huko hakuna breki."

"Najua hakuna."

Lori likaja, tukasubiri lipite. Shemeji alibaki ameshika mlango. Niliona linavyomwingia, polepole, toka usoni mpaka mabegani. "Mama, unaogopa nikiendesha?"

"Baba yako aliponiendesha sikuwahi kuangalia barabara."

"Sasa kwa nini hukuniambia?"

Hapo akageuka kidogo, nami nikainamia nyaya haraka. "Nikuambie nini tena? Unaacha kazi yako mara mbili kila wiki, unaamka usiku kwa ajili yangu. Hata mkojo wangu mwenyewe umenishinda. Nianze na kukufundisha kuendesha?"

Shemeji ni mtu wa maneno mengi.  Safari hii alivuka mtaro tu, akamshika mama yake mkono, wakasimama hivyo, na mimi nikajifanya natafuta bisibisi ambayo ilikuwa mkononi mwangu.

Niliirudisha soketi, nikaikaza kwa mkanda wa plastiki na waya juu yake, nikarudi kwenye kabichi zangu. Tulifika hospitali dakika kumi tu baada ya saa yake, wakamuunganisha. Siku hiyo shemeji aliendesha kwa mwendo wa maiti. Lakini namjua, na najua mwanadamu. Baada ya wiki mbili mtu husahau, hasa akichelewa kazini, na mama naye asingesema. Angekaa amekunja huo mguu, ameunyima hata ule ukuta wa plastiki. Jambo hilo lilinikaa. Nilikuwa nimetibu gari, na mgonjwa nimemwacha vile vile.

Jumamosi nikaenda kwenye gari moja la chuma chakavu lililokuwa linaota nyasi nyuma ya gereji, nikang'oa pedali ya breki pamoja na mkono wake. Nikatengeneza bati gumu la kufunika soketi, hata ng'ombe angelipiga teke lisingebonyea. Mbele yake, sakafuni upande wa abiria, nikaifunga ile pedali kwa bolti mbili, na springi ili irudi. Haikuunganishwa na breki yoyote. Niliunganisha swichi ndogo, na waya nikaupitisha chini ya zulia hadi kwenye dashibodi ya dereva, nikaweka taa nyekundu ndogo pembeni mwa kipima mwendo. Umeme nilichukua kwenye njia ya taa za breki, ambayo hufanya kazi hata ufunguo ukitolewa, kwa sababu ndiyo waya uliokuwa karibu.

"Hii ni ya nini sasa?" shemeji akauliza.

"Mama akikanyaga, itawaka. Ikiwaka, punguza. Hakuna haja ya mtu kusema kitu."

Akacheka, akaibonyeza kwa mkono mara kadhaa aone inavyowaka. Halafu akaacha kucheka. Jumanne aliporudi kutoka safari ya kwanza alikuja moja kwa moja gerejini, akakaa juu ya tairi. "Fundi," akasema, "hiyo taa yako haikuzimika mpaka tukavuka nusu ya njia. Sikujua. Aki sikujua." Baada ya mwezi alikuwa akija kunisimulia kama mtu anayesimulia mechi. Leo imewaka mara tatu tu. Leo mara moja, na ni ng'ombe aliyeingia barabarani, si mimi. Gari halikumisi tena. Huko kanisani walisema maombi yamejibiwa, na mimi safari hiyo sikubisha.

Miezi ikapita, kisha kazi ikampeleka shemeji Kitale kuanzia Jumatano hadi Jumapili. Mke wangu haendeshi, na ile Ijumaa hakupewa ruhusa kazini. Alipiga simu kwa mama kumwambia tutatafuta teksi. Nilikuwa nakunywa chai, nikasikia sauti ikitoka kwenye simu. "Kwani mkwe wangu hana mikono?"

"Mama, mtakuwa wawili tu."

"Niliwahi kumbeba kwenye buti. Sasa anibebe yeye."

"Basi uketi nyuma."

"Nyuma hakuna pedali," akasema, akakata simu.

Nilipofika Burnt Forest Ijumaa hiyo gari lilikuwa nje, na mama alikuwa ameshaingia. Alikuwa ametundika leso. Pembe moja ameifunga kwenye shina la kioo cha ndani, nyingine kwenye kichwa cha kiti chake, leso ikaning'inia katikati yetu kama pazia. Kioo cha kushoto sikukiona vizuri, na polisi wangetusimamisha sijui ningeanzia wapi kueleza. Nilikaa, nikavuta mlango, nikawasha. Sikumwamkia. Hakukuwa na wa kumtuma.

Nikaenda arobaini. Magari yakatupita, mengine yakipiga honi, na hata bodaboda yenye kreti za maziwa ikatupita, dereva akageuka kuniangalia kama mzee.  Nimeendesha malori ya watu, mabasi ya shule, nimeendesha gari lisilo na breki kutoka Kaptagat, na sijawahi kuogopa kama nilivyoogopa ile taa ndogo niliyoiweka mwenyewe. Niliitazama kuliko nilivyotazama kipima mwendo. Kwenye ule mlima trela liliteremka kuja kwetu, nikasogea pembeni mapema na kuachia mafuta. Haikuwaka. Kona ya matatu, haikuwaka. Nyuma ya leso nikaanza kusikia pumzi ndefu, za taratibu. Mama alikuwa amelala.

Mjini nilipita matuta moja moja asije akaamka. Nikaingia lango la hospitali, nikaegesha karibu na mlango wao, nikazima injini, nikatoa ufunguo. Nikakaa tu, mikono juu ya usukani, nikingoja nesi aje na kiti cha magurudumu.

Taa ikawaka.

Nilishtuka, nikatazama nje kama kuna kitu kinatugonga. Hakukuwa na kitu. Gari lilikuwa limesimama. Taa ikazimika, halafu ikawaka tena, polepole, ikakaa hivyo kwa muda, ikazimika. Leso haikutikisika. Nikajua ni asante, na kwamba nisipojibu sasa sitajibu tena.

"Karibu, Mama," nikasema.